Mtaenda Kula Mbele ya Nani?

Neno juu ya kusherehekea mwaka mpya nje, ziwani na milimani



Mwisho wa mwaka ulipokaribia, vijana wetu walikuja mbele ya wazee wakiwa na ombi moja. Walisema hivi: "Baada ya mkesha wa tarehe 31 Desemba, mturuhusu siku ya bonane twende nje, kando ya ziwa ama kule Lac Vert. Tupike, tuimbe, tukae chini ya miti, tuone uzuri wa nchi yetu." Wazee hawakuwa na neno moja. Mmoja alisema ziwa si mahali pa michezo. Mwingine alisema vijana hawa wamelia vya kutosha, waachwe wacheke siku moja. Ndipo mama mmoja, ambaye alifika Majengo na watoto wanne akikimbia vita, akauliza kwa sauti ndogo: "Mtaenda kula mbele ya nani?"

Kikao kilinyamaza. Hatukuweza kumjibu siku ile. Tuliliweka swali lake moyoni, tukalizungumza nyumbani na njiani, na sasa tunalileta mbele yenu. Maana si swali la vijana wetu peke yao. Ni swali la kila mtu anayetafuta mahali pazuri pa kuanzia mwaka: je, ni haki kufurahia uzuri wa maumbile, wakati mahali pale pale pana watu wanaoteseka?

SI VIBAYA KUTOKA NJE

Tuanze na lililo wazi. Kutoka nje kwenda kufurahi si dhambi. Sisi wa Majengo tunakaa juu ya mawe meusi ya volkano, katika nyumba za mbao zilizosongamana. Mtoto anaweza kukua hapa bila kulala usingizi wa mchana chini ya mti mkubwa hata mara moja. Ziwa Kivu analijua kwa sababu ya bidoni. Bomba likikauka, watu wanateremka kutafuta maji, na chukudu zinapanda tena zimebeba bidoni za njano, vijana wakizisukuma kwa jasho. Kwa mtoto kama huyo ziwa ni kazi. Siku ya bonane ndiyo siku anayoliona ziwa lile lile bila kubeba kitu kichwani. Nani kati yetu atamwambia kwamba amekosea?

Tena tusisahau kwamba makanisa ya kinabii ya nchi yetu yalizaliwa nje. Mwaka 1921 watu waliacha kazi na mashamba, wakatembea kwa miguu kwenda N'Kamba kumsikiliza Simon Kimbangu. Serikali ya Wabelgiji ilipomfunga mwaka ule ule, waamini wakaendelea kukusanyika kwa siri. Porini ndipo palipokuwa kanisa lao, na anga ndilo lilikuwa paa. Anayesema kwamba mlima na mto ni mahali pa watu wa anasa tu, amesahau alikotoka.

Na si sisi peke yetu tunaotamani kutoka nje siku hiyo. Huko Brazili, katika mji wa Rio de Janeiro, makutano ya watu hukesha usiku wa tarehe 31 Desemba kwenye ufuko wa Copacabana, wengi wao wamevaa nguo nyeupe. Pwani ya Kenya, huko Mombasa na Diani, wageni hujaa mwisho wa mwaka. Mwanadamu akimaliza mwaka anatamani kutazama kitu kilicho kikubwa kuliko nyumba yake na shida zake. Tamaa hiyo ni njema. Lakini hata tamaa njema ina adabu yake.

JANUARI YETU NI MWEZI MZITO

Goma si Copacabana. Kwetu mwezi wa Januari umebeba mambo. Tarehe 10 Januari 1977 mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto ukateremka mbio mno kuliko mguu wa mtu, ukala vijiji. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka tena, lava ikapita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani. Mwisho wa Januari 2025 ilikuwa zamu ya vita: M23 waliuteka mji, na wafu walizikwa kwa mamia.

Kwa hiyo mtu wa Goma anayefurahi tarehe 1 Januari anafurahi kwenye mlango wa mwezi uliomwumiza mara tatu. Wengine wanasema huo ni upumbavu. Sisi hatusemi hivyo. Kama tungengoja machozi ya mji huu yakauke kwanza, watoto wetu wangezeeka bila kuonja sikukuu. Hata hivyo hatuwezi kucheza kama watu wasio na kumbukumbu, kwa maana mahali petu pazuri na mahali petu pa kilio mara nyingi ni pamoja.

Tazameni Lac Vert. Ni ziwa dogo lililokaa ndani ya kinywa cha volkano ya zamani, maji yake ni ya kijani, na vijana wanapenda kupiga picha pale. Upande ule ule ndipo watu wengi waliokimbia vita walijenga mahema yao, na tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia makambi ya Mugunga na Lac Vert. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto.

Tazameni pia Kituku, ambako wengi wetu tunateremkia tunapotaka kuona maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama pale, karibu kabisa na kufika, na watu waliokuwa nchi kavu waliona kwa macho yao. Vita ilikuwa imekata barabara, basi watu na mizigo walijazana majini kupita kiasi. Miili ilitolewa kwenye ufuko ule ule ambapo sisi tunatandika kitenge na kufungua sufuria.

Haya ndiyo aliyokuwa akiyaona mama yule alipouliza swali lake. Wakati vijana wanaona miti na maji, yeye anaona watu.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Tulipotafuta jibu tulirudi kwenye methali ambayo kila mtu anaijua: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi tunaisema kwa kucheka, kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni na watoto wa nyumba nao wakapata nyama. Lakini neno "apone" si neno dogo. Linasema kwamba kuja kwa mgeni kunapaswa kumwacha mwenyeji katika hali nzuri kuliko alivyomkuta.

Sisi wenyewe tunajua maana ya kuwa wageni. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka na lava ikasimama Buhene, mlangoni petu. Siku chache baadaye amri ilitolewa ya kuhama sehemu kubwa ya mji, Majengo ikiwemo. Tulitawanyika kwenda Sake, wengine Minova, wengine Gisenyi. Watu ambao hatukuwajua walitufungulia vyumba vyao. Hakuna kati yetu aliyeingia nyumba ya mtu siku ile na kuamuru. Tuliuliza maji yako wapi, choo kiko wapi, tulale upande gani. Tulifagia asubuhi. Tulikuwa wageni wazuri kwa sababu tulikuwa na hofu na shukrani.

Basi kwa nini siku ya bonane, tukifika ziwani tukiwa na chakula na muziki, tunaisahau adabu ile? Tunajiona wenye mahali kwa sababu tumefika na kelele. Hapo ndipo tunapoona kosa. Kufurahi si kosa, na kwenda nje si kosa. Kosa ni kwenda kama mtu asiye na mwenyeji.

Ndugu zetu wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wana mwaka mpya wao unaoitwa Mwaka Kogwa, unaofanywa mwezi wa Julai, nje mbele ya watu wote. Wanaume hupigana uwanjani kwa mabua ya migomba ili hasira za mwaka uliopita zitoke na kinyongo kiishe. Kisha watu hula na kwenda kufurahi pwani. Na kwa desturi yao, si vema nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Hatusemi tuige kila kitu chao. Yako mambo ya kafara ambayo sisi hatuyafuati. Lakini utaratibu wao una hekima. Ugomvi unamalizwa kwanza, mgeni anakaribishwa, ndipo watu wanateremka ufukoni. Sisi mara nyingi tunaanza na ufuko na kuishia hapo hapo.

WENYEJI WETU NI AKINA NANI?

Wenyeji wa kwanza ni watu. Ufuko tunaokwenda kuchezea ni kiwanda cha mvuvi. Usiku tunapokesha, yeye naye anakesha juu ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, akiwasha taa ili sambaza wafuate mwanga. Na sambaza wenyewe ni wageni katika Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikuja, na mwenyeji akapona, kwa maana leo wanalisha maskini na tajiri wa pande zote mbili za ziwa.

Hapa inatupasa kuungama. Mwaka mmoja kundi letu lilikwenda ufukoni, tukakata matawi ya kivuli, tukala, tukaimba vizuri, tukaondoka jioni. Mmoja wetu aliyerudi kutafuta kiatu cha mtoto alimkuta mvuvi mzee akiokota chupa zetu kati ya nyavu zake. Hakumtukana. Hakusema neno lolote, aliendelea kuokota tu. Tungependa angetukana. Siku ile mgeni alikuja na mwenyeji akaugua.

Na kati ya watu wako pia wenye viwanja. Sehemu kubwa ya ufuko wa Goma imezungushwa kuta za nyumba na hoteli, hata mtu wa Majengo anatembea mwendo mrefu na kulisikia ziwa bila kuliona. Zamani kabla ya mwaka 2020 mgeni wa kutoka nje aliweza kulipa dola 300 kupanda Nyiragongo na kulala juu, akitazama moto. Hatumwonei wivu. Lakini watoto waliokimbia moto ule hawajauona uzuri wake hata siku moja. Ndugu mwenye geti kando ya maji, ukilifungua saa chache siku ya bonane kwa watoto wa mtaa mmoja tu, wewe ndiwe utakuwa umeelewa methali kuliko sisi.

Mwenyeji wa pili ni msitu, pamoja na wale wanaoulinda. Mishikaki ya sikukuu inaiva juu ya makala, na makala mengi yanayopikia mji huu yanatoka katika miti ya Parki ya Virunga. Parki hii ilianzishwa mwaka 1925, ikawekwa katika urithi wa dunia mwaka 1979, na mwaka 1994 ikaandikwa kati ya urithi ulio hatarini, wakati makambi makubwa ya wakimbizi wa Rwanda yalipokaa kandokando yake na watu hawakuwa na kuni nyingine. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa kwa miaka wakiilinda. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa katika shambulio moja, pamoja na raia.

Hatusemi kwamba mama anayepika sombe kwa makala ana damu mikononi. Anapika ili watoto wale, na hana njia nyingine. Lakini moto wa kila siku ni lazima, na moto wa sherehe ni hiari. Katika hiari ndipo moyo wa mtu unapojulikana. Kwa nini kila kikundi cha watu watano kiwashe jiko lake ufukoni? Tukipika pamoja nyumbani katika sufuria kubwa moja, na kubeba chakula kilichoiva, tutakuwa tumepunguza mifuko ya makala, na sikukuu haitakuwa na upungufu wowote.

Mwenyeji wa tatu ni ziwa lenyewe. Maji ya Kivu yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi kule Bukavu. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa majini inafika kule, inajikusanya mbele ya bwawa la umeme, inaziba mitambo. Na umeme wa Ruzizi ndio uliowasha taa za Bukavu na nyumba nyingi za Goma kwa miaka. Basi mtu anatupa chupa ziwani akicheka, kisha anarudi nyumbani na kulaumu giza. Ziwa halina mdomo wa kulalamika, lakini linarudisha.

Tena mwenyeji huyu ana vyumba ambavyo hataki mgeni aingie. Wazee wa kwetu wanaviita mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, upande wa kutoka Goma kwenda Sake hasa, na kukaa katika mabonde madogo na mashimo ya lava. Haina rangi, haina harufu ya kumwonya mtu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inatulia chini kama maji katika bakuli, hasa usiku na alfajiri wakati upepo hautembei. Mtu mzima anaweza kusimama pale na kuongea, huku mbuzi ama mtoto anayecheza chini anaanguka na kufa. Nyasi pale ni nzuri na pametulia, panamvuta mtu aliyechoka na mkesha. Vijana wanaotaka kulala nje kungoja jua la mwaka mpya, sikieni: msichague mahali kwa macho yenu. Ulizeni mtu wa pale. Atawaonyesha kwa kidole mahali ambapo mbuzi wake hawapeleki. Hapa adabu ya mgeni si heshima tu, ni uhai wake.

JIBU LETU KWA MAMA

Baada ya kuyapima yote hayo tulirudi kwa mama yule. Tulitaka kumwambia: hatutakula mbele yako, tutakula pamoja nawe. Tuliona neno hilo ni zuri sana, na labda tulijisifu kidogo moyoni.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema anashukuru, lakini yeye hatakwenda. Bado hawezi kutazama maji mengi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Watoto waende. Wao hawajui ziwa ila la kuteka. Muwashike mkono." Tena akauliza wangapi watakwenda, kwa sababu alitaka kusaidia kupika nyumbani.

Ndugu wasomaji, neno hilo lilitufundisha zaidi ya kikao chetu chote. Tulidhani sisi ndio tutakaomkaribisha. Kumbe yeye ndiye aliyeturuhusu. Furaha ya siku ile haikuwa haki yetu ya kuchukua; ilikuwa ruhusa kutoka kwa mtu aliyelia kuliko sisi. Hakuomba tuache kufurahi. Aliomba tushike mikono ya watoto wake. Anayefurahi akiwa ameshika mkono wa mtoto wa mwenzake hawezi kulewa, hawezi kumsahau aliye nyumbani, wala hawezi kuingia majini kwa majivuno.

Kwa hiyo wazee walikubali ombi la vijana, na maagano yakawa haya. Kabla ya kutoka, wenye ugomvi wapatane, hata kama ni kwa neno moja tu. Chakula kipikwe Majengo katika sufuria za pamoja. Kila familia iliyokimbia vita na kukaa kati yetu itoe mtoto ama mtu wake wa kwenda, ikipenda, na sahani yake itoke katika sufuria ile ile. Watakaobaki nyumbani kwa huzuni wapelekewe chakula kwanza, kabla ya kundi kuondoka. Hakuna kupanda mashua iliyojaa. Hakuna kukaa mahali kabla ya kumsalimu na kumuuliza mtu wa pale. Gunia moja liende tupu na kurudi na takataka zetu, na za wengine zikionekana. Na kabla ya wimbo wa kwanza, wote wasimame wakielekea maji, wanyamaze dakika moja kwa ajili ya waliokufa majini, kwa moto na kwa mabomu.

Huenda mtu atasema: mmeifanya sikukuu kuwa nzito. Tunamjibu kwa upole kwamba uzito ulikuwepo tayari. Sisi tumekubali tu kuubeba pamoja, ili mmoja asiubebe peke yake akiwa amefunga mlango, huku wengine wakiimba. Na wimbo unaoimbwa baada ya kunyamaza una nguvu yake.

Mwakani, Mungu akitujalia, mama yule atateremka naye. Ama hatateremka. Hatutamharakisha. Tutampelekea sahani yake kwanza, ndipo tuondoke.

Wapendwa, heri ya mwaka mpya kwa kila nyumba ya Majengo, kwa aliye ziwani na kwa aliyebaki ndani. Mkienda, mwende kama wageni. Mkirudi, mwenyeji awe amepona.